Waridi la jangwa limepukutisha majani na tumbo limelegea: je, linakufa?

Msomaji wa Ruaka, nje kidogo ya Nairobi, anaandika:

"Miaka miwili iliyopita nilinunua waridi la jangwa kwa wauza miche wa kando ya barabara huko Mtwapa. Lilikuwa limejaa maua, na muda wote tuliokaa Pwani halikunisumbua hata siku moja. Aprili tulihamia Ruaka. Nikalihamishia kwenye chungu kikubwa kizuri cha kung'aa, nikatia udongo mweusi wa msituni na samadi ya ng'ombe, nikaliweka kwenye roshani yetu ya ghorofa ya tatu, inayotazama kusini. Namwagilia kila asubuhi. Juni majani yakaanza kuwa manjano, nikaongeza maji. Sasa Julai inaisha, halina jani hata moja, na lile tumbo lake, yaani shina lililovimba huku chini, upande mmoja, karibu na udongo, linabonyea. Je, linakufa? Naweza kukata tawi nikapanda upya? Na jirani yangu anasema huo ni mti wa sumu, tena unafukuza riziki, nisiuweke kwenye nyumba yenye watoto. Nifanyeje?"

Dada yangu, pole, na ahsante kwa kuuliza kabla hujautupa. Wengi hunieleza kisa kama hiki chungu kikiwa kimeshapandwa kitunguu. Kwanza acha kumwagilia, leo hii. Mengine yote nitakayokueleza yanaweza kungoja Jumamosi upate nafasi, ila maji yasimame sasa.

Kisha nenda kaubonyeze. Tumia kidole gumba, anzia juu ya tumbo, shuka mpaka kwenye udongo, zunguka pande zote kama mtu anayechagua papai sokoni. Ukikuta tumbo zima limelegea sawasawa, ngozi ina mikunjo midogo, na ukisukuma linarudi kama mpira uliopungua upepo, mti una kiu tu au unakula akiba yake. Hilo halina neno. Lakini ukikuta sehemu moja ndiyo inayozama, ngozi yake imegeuka kahawia au nyeusi, na kidole kinatoka na unyevu, huo ni uozo. Nusa kidole chako. Uozo wa mti huu unanuka kama viazi vilivyosahaulika ndani ya gunia. Kwa jinsi ulivyoeleza, "upande mmoja, karibu na udongo", nachelea kwamba ni huu wa pili. Hata hivyo kuoza si kufa. Nimeshaona mti uliopoteza nusu ya tumbo ukatoa maua mwaka uliofuata, na kovu lake ndilo likawa pambo.

Nikueleze ulikoanzia mkasa, maana usipoujua utaurudia.

Huu mti si waridi hata kidogo. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum, na hilo neno la pili maana yake ni mnene, tena mnene wa kupita kiasi. Ndugu zake ni franjipani na oleanda, na pia mbungo, ule ule unaozaa mabungo ya juisi Unguja. Ukikwaruza ngozi ya yeyote kati yao, hutoka utomvu. Mzungu wa kwanza kuuandika kitabuni alikuwa Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyekufa kwa malaria huko Yemen mwaka 1763. Kitabu chake kilichapishwa 1775, yeye akiwa kaburini, na ndani yake mti huu aliuhesabu kuwa aina ya oleanda. Jina la Adenium lilikuja 1819, na limetokana na Aden.

Lakini usidhani ni mgeni kutoka Uarabuni. Upo kwetu. Upo Tsavo, Baringo na Samburu, upo Mkomazi upande wa Tanzania, unaenea Somalia na Ethiopia, unavuka bahari hadi Yemen na milima ya Dhofar kule Oman. Kisiwani Sokotra umenenepa hadi shina likawa kama pipa. Ukishuka barabara ya Magadi wakati wa kiangazi, huko chini ambako joto linakupiga usoni ukifungua mlango wa gari, unaweza kuuona umesimama juu ya mawe, hauna jani, umevaa maua mekundu matupu. Watu husimamisha magari kupiga picha. Angalia basi pale uliposimama. Mizizi imejipenyeza kwenye nyufa za mawe. Mvua ikija huja kwa vishindo, mti unakunywa unajaza tumbo, na baada ya saa chache maji yameshateremka bondeni. Kwa hiyo maji mengi hauyaogopi. Unachoogopa ni maji yanayokaa, mizizi ikakosa hewa, na unaogopa zaidi maji yanayokaa wakati wa baridi.

Sasa tazama ulivyoufanyia, na sikulaumu, maana kila ulilofanya lilikuwa la upendo. Kwanza baridi. Mtwapa hata usiku wa Julai joto huwa karibu na nyuzi 20. Nairobi na Ruaka usiku huo huo linashuka hadi 11 au 12. Waridi la jangwa likishahisi nyuzi 15 kwenda chini kwa majuma kadhaa linafunga duka: majani yanakuwa manjano, yanadondoka, mizizi inaacha kunywa. Ule umanjano ulioanza Juni ulikuwa usingizi. Wewe uliusoma kama kiu, ukaongeza maji. Mti usio na majani hauna pa kutolea maji, kwa hiyo uliyoyamwaga kila asubuhi yalibaki pale pale.

Yalibaki ndani ya nini? Ndani ya udongo mweusi wa msituni, ambao kwa sukuma wiki ni neema, lakini ukilowa unashika maji kama sifongo. Umeuchanganya na samadi, ikazidisha. Ukautia kwenye chungu kilichopakwa rangi ya kung'aa, ambacho kuta zake hazipitishi hewa kama chungu cha udongo mtupu. Tena kikubwa, na hapa ndipo watu wengi hunishangaa: chungu kikubwa kina udongo mwingi usio na mizizi, na udongo usio na mizizi haukauki kutoka ndani. Nina dau pia kwamba chini yake kuna kisahani, na kwamba kisahani hicho kina maji hivi ninavyoandika.

Mwisho ni hiyo roshani ya kusini. Nairobi ipo kama nyuzi 1 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua linapita kaskazini mwa utosi wetu, na Juni ndipo linapokwenda mbali zaidi. Maana yake, tangu siku ulipohamia, roshani inayotazama kusini haijapata jua lolote la maana. Desemba itapata, lakini Desemba ni mbali. Mti uliozoea saa sita za jua kali la Pwani umekaa miezi mitatu kwenye kivuli baridi, miguu ndani ya tope.

Nikuambie kisa changu ili usijione peke yako. Nilipoanza kitalu, nilikuwa na miche ya mti huu kama arobaini, niliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu. Nikaipenda mno. Masika ilipoingia nikaipanga vizuri kwenye trei, kila siku nikawa naikagua na kuinyunyizia "kidogo tu". Kufika Juni ilikuwa imebaki sita. Mwezi huo huo nikahamisha vitu stoo, nikakuta mche mmoja mkubwa niliousahau nyuma ya magunia tangu Januari. Haukuwa umepata tone la maji kwa miezi mitano. Ulikuwa umekunjamana kama uso wa bibi kizee, lakini hai. Nikautoa nje, nikaumwagilia, na siku ya tisa ukachipua. Ule niliousahau ninao hadi leo, na wageni huuliza huo kuliko mingine yote. Ndiyo sababu sishangai kwamba wakuzaji wa Thailand husafirisha miti hii nchi za nje bila udongo kabisa, mizizi mitupu imeviringishwa karatasi, ikakaa njiani majuma na ikafika salama.

Haya, upasuaji. Chagua siku kavu. Tandika magazeti, vaa glavu za mpira, na watoto wakae mbali. Ya sumu nitayafikia. Andaa kisu chenye makali, si kile cha kukatia mkate, na spiriti na kitambaa cha kufutia.

Laza chungu kwa ubavu uutoe mti taratibu. Usiuvute kwa shina. Pukuta udongo wote, kisha osha mizizi kwa maji ili uone hali halisi. Mzizi mzima ni mgumu na rangi yake ni ya maziwa ukiukwaruza. Uliooza utakuvulia ngozi mkononi kama soksi, ndani umebaki uzi. Hiyo yote kata. Kisha njoo kwenye tumbo. Anza kukata pale palipobonyea, uondoe kipande kwa kipande kama unavyomenya muhogo ulioingia weusi. Kila baada ya kukata futa kisu kwa spiriti, kwani ukikata palipooza kisha ukagusa palipo pazima kwa kisu hicho hicho, umeuambukiza kwa mkono wako mwenyewe.

Unakata mpaka wapi? Mpaka nyama iwe nyeupe tupu, ngumu, yenye maji safi. Tazama kwa makini, ikibidi washa tochi ya simu. Ukiona vitone vya kahawia kama vile nzi ametua, au mstari mwembamba wa njano unaopanda juu, bado. Endelea. Hapa ndipo watu huingiwa na huruma wakaacha "kidogo tu hicho", na hicho kidogo ndicho kinachorudi kuumaliza mti Agosti. Sura ya kidonda itafanya uone kama umeharibu kila kitu. Usijali sura. Ila mpasuo uishie umeinama, si kishimo kinachoweza kukusanya maji.

Utomvu ukikoma, paka kidonda salfa ya unga, ile ya manjano inayouzwa kwenye maduka ya dawa za kilimo. Ukiikosa, unga wa mdalasini kutoka jikoni unasaidia kukausha. Mimi nimeutumia mara nyingi kuliko salfa. Wengine hupaka jivu. Silipendi sana, lakini halijawahi kuniulia mti.

Baada ya hapo usiupande. Ulaze juu ya gazeti mahali pakavu penye hewa na kivuli, au ufunge kamba shingoni uuning'inize. Kwa baridi ya huko kwenu ningeuacha majuma mawili kamili, hata matatu. Utaona tumbo linakunjamana, na mume atakuuliza kama umeweka mizimu kwenye stoo. Mwache aulize. Unangoja kidonda kiwe na gamba gumu kavu ambalo ukilikwaruza kwa ukucha halitoi unyevu. Ukiona weusi umerudi, kisu tena.

Wakati unangoja, tafuta udongo, au niseme mawe, kwa maana udongo wenyewe utakuwa kidogo sana. Uzuri wa kukaa huko ni kwamba Bonde la Ufa liko karibu, na yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Longonot na Naivasha, yanayoelea ukiyatia kwenye ndoo ya maji, yanapatikana kwa wauza miche wengi wa Nairobi. Chukua yenye ukubwa wa punje ya mahindi, yachekeche uondoe vumbi. Sehemu tatu za mawe hayo kwa sehemu moja ya mboji iliyoiva au makumbi ya nazi yaliyooshwa, na konzi moja ya makaa yaliyopondwa. Usipoyapata, kokoto ndogo za ujenzi zinafaa, ila si lile vumbi lake, maana vumbi la kokoto likilowa linashikana kama saruji. Mchanga wa mto ulio mkubwa na uliooshwa unafaa pia. Wa pwani usiuguse. Una chumvi, na punje zake ni ndogo mno. Jaribio ni rahisi: tia mchanganyiko chunguni, mimina kikombe cha maji, uhesabu. Yasipotokea chini kabla hujafika kumi, ongeza mawe.

Chungu kiwe cha udongo wa kufinyanga, kisichopakwa rangi, kipana kuliko kirefu, na upana wake uzidi tumbo kwa vidole viwili kila upande. Tundu chini liwe kubwa la kuingia kidole. Kile cha kung'aa kiwekee mmea mwingine, sansivieria zitakushukuru.

Unapopanda, inua tumbo juu kidogo kuliko lilivyokuwa, mabega ya mizizi yaonekane nje. Hapo pia ndipo penye siri ya ile miti unayoiona picha zake, yenye mizizi iliyopandana kama vidole vya mzee. Haikuzaliwa hivyo. Kila inapobadilishwa chungu, baada ya mwaka mmoja au miwili, huinuliwa sentimita mbili tatu, na mizizi iliyokuwa chini inazoea hewa na kunenepa. Kidonda chako nacho, ukiweza, kibaki juu ya mawe ukione.

Ukishaupanda, usiumwagilie kwa siku kumi. Na kwa kuwa kufikia hapo itakuwa bado Agosti, baada ya siku hizo kumi upe nusu kikombe tu pembeni mwa chungu, kisha ungoje dalili ya chipukizi. Utaiona kwanza kwenye ncha za matawi: kijidoa cha kijani kama kichwa cha kiberiti. Siku hiyo, si kabla, ndiyo siku ya kuanza kunywesha kwa kawaida. Huko kwenu huwa ni Septemba, jua likirudi utosini na asubuhi zikiacha ukungu.

Pa kuuweka sasa. Roshani ya kusini isubiri hadi mwisho wa Septemba. Kama nyumba ina dirisha au ngazi inayotazama magharibi, hapo ndipo bora kwa miezi hii. Nasema magharibi na si mashariki kwa sababu Julai na Agosti asubuhi za Nairobi zimefunikwa na mawingu, na jua likipata nafasi huwa ni alasiri. Usiku uingize ndani, mbali na kioo cha dirisha. Ukianza kuutoa juani baada ya kukaa kivulini, uuzoeshe: saa moja, kesho mbili. Tumbo lililokaa kivulini likitupwa kwenye jua la saa saba linaungua, na alama ya kuungua haifutiki.

Maji kwa mwaka mzima, ukishapona. Januari hadi Machi, kukiwa na joto na majani yamejaa, unaweza kumwagilia mara mbili kwa juma, na umwagilie hasa, maji yatoke tunduni. Aprili na Mei sogeza chini ya paa mvua isiunyeshee siku tano mfululizo. Kuanzia Juni punguza, na majani yakidondoka acha kabisa, au nusu kikombe kwa mwezi tumbo likikunjamana sana. Lakini kalenda ni msaada tu. Kabla ya kila kumwagilia, bonyeza. Tumbo likiwa gumu kama nazi, weka kopo chini. Lina maji yake.

Kuhusu maua. Wewe Mtwapa ulipata maua bila kujua sababu, na sababu ilikuwa jua na joto. Ruaka itabidi uyatafute. Ua la mti huu hutoka kwenye ncha ya tawi jipya, basi anayetaka maua mengi hutafuta ncha nyingi. Septemba, ukiona vichipukizi, kata kila tawi ubakize theluthi mbili, mkato umeinama, juu kidogo ya kijicho. Kila tawi ulilokata linaweza kutoa mawili au matatu. Mwaka huu usifanye, mti unauguza kidonda. Fanya mwaka ujao. Mbolea nayo iwe ya maua, yenye fosforasi na potasi nyingi kuliko naitrojeni, uizimue nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati unakua. Naitrojeni nyingi, kama ya ile samadi yako, inaleta majani mapana na tumbo laini lenye maji maji, chakula cha uozo. Baridi ikiingia, mbolea hakuna.

Na tawi, je, lapandwa? Lapandwa, na kwa hali ya mti wako ningekata mawili hata kama una matumaini, iwe bima. Yawe na urefu wa shibri moja, uangalie mkato kama ni mweupe usio na vitone, uyakaushe juma moja, kisha uyatie kwenye mawe yale yale yenye unyevu kidogo sana. Ningesubiri Septemba kwa sababu ya joto, isipokuwa ukiona uozo unapanda kwenye shina. Hapo kata leo leo, juu kabisa. Yatashika na yatatoa maua sawasawa na ya mama yake. Lakini tumbo lile halitakuja upesi. Tawi huota mizizi membamba, na kwa miaka utakuwa na kifimbo chenye maua. Tumbo zuri hutokana na mbegu.

Mbegu nayo ina raha yake. Ua likishika, hutoa maganda mawili yaliyoachana kama pembe za mbuzi. Funga ganda kwa uzi au soksi nyepesi kabla halijapasuka, kwani kila mbegu imevaa manyoya huku na huku kama mswaki wenye vichwa viwili, na upepo mmoja wa roshani utaipeleka yote Limuru. Ila kupata pembe hizo nyumbani si rahisi. Chavua imefichwa ndani kabisa ya ua, nyuma ya koni ndogo iliyofungwa na nyuzi zenye manyoya. Wengine tunachana ua kwa kiwembe, tunatoa chavua kwa ncha ya kijiti tunapeleka kwenye ua la mti mwingine. Mara kumi unapata mbili. Mbegu mbichi ukiipanda penye joto inaota ndani ya juma moja, na mche unazaliwa na kitumbo tayari, kama kichwa cha njiti kilichovimba.

Kama siku moja utanunua mwingine, hasa yale maua yaliyopandana petali mbili tatu, yenye milia au rangi nyeusi-nyekundu, ujue mengi asili yake ni kwa wakuzaji wa Taiwan na Thailand, na kwa kawaida yamebebeshwa, yaani tawi lake limeunganishwa, juu ya shina la mche wa kawaida. Tafuta kovu la kubebesha. Chipukizi lolote likitoka chini ya kovu hilo, litoe, la sivyo shina la chini litamshinda mgeni wake na miaka miwili baadaye utajiuliza rangi ilikwenda wapi. Na mtu akikuletea jitu kubwa la ajabu kwa bei ya kutupa, mizizi imekatwa kwa panga na udongo mwekundu bado umeganda, usinunue. Huo umeng'olewa porini, na mwingi huoza kabla ya mwaka.

Wadudu sitawasemea sana. Ukiona pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani, ni vidung'ata. Wapanguse kwa pamba yenye spiriti. Majani yakipauka na kuwa na utando mwembamba chini yake, ni utitiri. Hupenda kona zisizo na hewa, nyunyizia maji yenye sabuni kidogo chini ya majani, jioni.

Sasa jirani yako. La riziki silijui. Mimi mti huu umenisomeshea watoto. La sumu ni kweli, na asikudanganye mtu kwamba ni porojo. Mti mzima una sumu, utomvu, mizizi, majani na mbegu, na ni sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi huchemsha utomvu wa jamii hii hadi uwe mzito, wakaupaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa, na kuna sehemu za Afrika walikouvulia samaki. Mti wa kuangusha swala si wa kuchezea.

Hata hivyo, kuugusa hakuui mtu. Hatari iko kwenye kutafuna, na kwenye utomvu kuingia jichoni au kwenye kidonda. Kwa hiyo glavu siku ya kukata, mikono kwa sabuni baadaye, visu vioshwe mbali na vya jikoni, na vipande vyote ulivyokata vifungwe kwenye mfuko vitupwe, visiachwe pale paka au mtoto wa jirani atakapovikuta. Kama mtoto wako mdogo bado yuko umri wa kuonja kila kitu, uweke juu ya meza ndefu au dirishani asikofika, na majani yanayodondoka uyaokote siku hiyo hiyo. Akila, usingoje dalili na usimtapishe. Mpeleke hospitali na tawi mkononi, wajue walichonacho. Wakubwa kidogo waeleze tu. Wangu walikuwa wakiuita "mti wa mishale", na hakuna aliyewahi kuugusa.

Ukishaukata Jumamosi, nitumie picha ya kidonda, siyo ya mti mzima. Ipige nje mchana, bila mwanga wa simu, ili nione rangi ya nyama. Nikiona kitone nitakuambia.